Fungu la Wiyoni

Bi Kadzo Nyevu, afisa wa mazingira, salamu.
Fomu yako nimeijaza, kasoro mstari wa nne:
*Uzoefu wa mwombaji katika kuoza taka.*
Kijana wako alicheka niliposema
nimeoza mabinti watatu,
wa mwisho, Mwanashee, Mfungo Saba iliyopita,
na maganda ya maembe sina hesabu.
Hakucheka kwa ubaya. Lakini hakuandika.

Basi naandika mwenyewe.
Kazi ni ile ile. Unauliza huyu katoka kwa nani,
unaweka kikavu kwa kibichi, hufanyi haraka,
na hufunui kila saa kutazama kumetokea nini.

Miaka minane nazoa mavi ya punda
toka Mkomani hadi gatini
alfajiri, kabla wenye kanzu hawajapita.
Machicha nachukua kwa wapika mahamri,
vichwa vya samaki kwa Famau,
majani ya mkungu Esha ananiwekea kikapuni.
Shimo lilikuwa uani kwangu,
na kila Jumatano nilipogeuza
jirani alifunga dirisha kwa kishindo.
Sikumlaumu. Mji wetu ni ukuta kwa ukuta:
mwenzio akikaanga papa, wewe ndiye unayekohoa.

Ndipo ikaja habari ya fungu.
Mimi fungu nilijualo ni la nyanya, sokoni:
unaligeuza, iliyooza unaiona chini.
La kwenu lilikuwa kwenye karatasi.
Lilipita bunge la kaunti, tukaambiwa,
likapita hazina, likapita, likapita,
na kila lilipopita lilipungua kama sabuni.

Lakini lilifika. Nisiseme uongo.
Nina sakafu ya saruji na paa la mabati,
vyumba vitatu kati ya sita mlivyochora,
na mashine ya kusaga makumbi
iliyofunikwa turubai, haina waya wa umeme.
Kuku wa Athmani hutagia humo.

Siku ya uzinduzi mkubwa wenu alikata utepe
leso puani.
Akaambiwa atie mkono kwenye biwi.
Akasita. Akatia.
Akautoa upesi, akautazama,
akasema, si kwa kipaza sauti,
"Ni moto."
Ni moto, bwana. Na hakuna aliyeuwasha.

Usiku ule, kwa rangi iliyobaki,
niliandika ukutani:

*Nimeoza bila posa, hakuna aliyelia,*
*Kumbi na ganda la tosa, na mavi ya kwenye njia,*
*Harusi haikukosa, moshi ulionukia,*
*Na mwaka ulipokwisa, mjukuu kawadia.*

Mjukuu ni mbilingani. Uje umwone.

Sikuandikii kulalamika.
Naomba vyumba vitatu vilivyobaki, na waya,
na ujira wa vijana wawili wenye punda,
maana mimi goti la kushoto limeanza kukataa.
Shela wananiuliza. Matondoni wamenitumia mtu.
Siwezi kuwaambia wachimbe uani
wagombane na madirisha.
Jina lako, Bi Nyevu, ndilo biwi linalohitaji:
ukavu ukizidi, kila kitu hukaa kilivyo, miaka,
kama faili.

Mchukuzi wa barua hii ana kipakacha.
Si hongo; ni mboji, imechujwa mara mbili.
Pale mlangoni pa ofisi yenu pana chungu,
na ndani yake kijiti kilichokuwa waridi.
Nilikiona nikingoja, siku zote tatu.
Anzia hapo.

Zena binti Shekuwe,
Wiyoni, Lamu.