Vidole Vinne

Julai, Uyole. Soksi mbili mbili, kitenge mabegani,
kompyuta mapajani ndiyo jiko langu.
Natengeneza gemu: mtu mmoja, kiroba cha viazi,
usiku wa kuvuka Kitulo mpaka Matamba,
kisha kona hamsini na saba za kushukia Chimala.

Baridi niliipa mstari wa buluu, juu pembeni.
Unapungua. Ukiisha, umekufa.
Nikaona nimemaliza kazi.

Osmund Tweve, utingo wa lori la viazi,
anayelala juu ya magunia akitoka Makete,
turubai ndiyo shuka, na juu ya shuka sakitu,
alicheza dakika sita akanirudishia kompyuta.
"Hii si baridi. Hili ni salio la vocha.
Naliona likishuka, basi."

Baridi ni nini, sasa?
Hakunijibu. Alishika kifungo cha koti
kwa vidole alivyovikunja kama vya kuazima,
akashindwa, akajaribu kwa meno,
akakitazama kifungo kama barua
iliyoandikwa kwa lugha ya watu wengine.
"Haianzi na roho. Inaanza hapa.
Kiberiti unacho, njiti unazo,
mkono hauna habari."

Usiku ule niliufuta mstari wa buluu.
Kipimo hakuna tena. Kuna mkono.
Mchezaji anabonyeza, mkono unakawia kidogo,
baadaye unakawia sana,
baadaye njiti inaangukia nyasi zilizoganda,
na njiti nilimpa saba tu.
Mbele kuna nyumba ina taa. Akiwahi, anapiga hodi.
Akichelewa, midomo imekufa ganzi,
hodi inatoka haina kichwa wala miguu,
na wenyeji ndani wanasema: upepo huo.

Jasho nalo nikalipa kazi.
Anayekimbia ili apate joto, shati linalowa;
akisimama tu, shati linaanza kumdai.

Chimala ndiko nilikokwama.
Joto halina haja na vidole.
"Linachukua akili," Osmund akasema.
"Mimi kule chini niliwahi kuuza koti
kwa soda mbili za baridi,
na lori lilikuwa linapanda usiku uleule."
Basi kona ya mwisho nikamweka muuza soda,
mpole, barafu inagongana ndooni,
mtu anayependa makoti.
Wote waliojaribu wameuza.
Hata mimi niliyemtunga.

Jana umeme ulikatika tukiwa tunacheza.
Nikaingiza jiko la mkaa, nikafunga mlango,
nikaziba upenyo wa dirisha kwa gazeti.
Joto lilikuja taratibu, likapanda magotini,
likawa tamu kama uji wa ulezi,
nikaanza kusinzia katikati ya neno.

Osmund akainuka. Akaling'oa gazeti,
akasukuma dirisha, likabaki wazi
kiasi cha vidole vinne.
Upepo wa Uporoto ukaingia
kama mgeni asiyevua viatu.

"Na hili umeliweka?"
"Lipi?"
"Joto la kubembeleza."
Nikasema bado.
Akakaa. Akaigeuza mikono juu ya makaa,
upande huu, upande ule, muda mrefu.
"Dereva wangu wa kwanza, Chaula,
alikuwa mtu wa kuogopa baridi sana.
Tulimkuta asubuhi, Ndulamo, chumba cha kupanga,
amejifunika vizuri kabisa."

Umeme uliporudi niliandika chumba.
Jiko, mlango, kitanda, blanketi zito.
Sikuweka king'ora. Sikuweka rangi nyekundu.
Mchezaji ametembea usiku kucha; akitaka, atalala.
Dirisha lipo, halina alama,
linafunguliwa kwa mkono tu,
kama mkono bado una habari.