Chumba Hiki Kinafaa

Saa nne usiku, Walukuba, umeme umerudi.
Nafungua kompyuta yenye ufa kwenye kioo
na wanakijiji wangu wanaamka, wote kumi na mmoja,
kila mmoja na lake.

Mfua chuma: hapa tumebanana kama dagaa.
Muuza mbegu: jangwa hili litanikausha roho.
Tabibu hataki hata kusikia chafya ya fundi baruti,
niliyemjengea ukuta kwa ukuta naye
kwa kuwa mbao ziliniishia.

Nao wakinuna, bei hupanda.
Juzi sarafu moja ilinipa mishale ishirini.
Leo kumi na miwili,
na jicho la pembeni juu yake.

Basi nahamisha.
Tabibu nampeleka msituni, kando ya muuza mbegu.
Fundi baruti nampa pango.
Analizunguka mara mbili, anagonga mwamba kwa kidole,
anasema: hapa naweza kufikiri.

Shangazi Nakisige anapita na beseni, anasimama nyuma yangu.
Ndiye anayekusanya kodi kwa niaba ya mwenye nyumba:
vyumba kumi na vinne, bomba moja, choo kimoja,
daftari lenye majina yaliyokatwa kwa wino mwekundu.
"Huyu wa baruti, analipa?"
"Halipi, Shangazi. Mimi ndiye ninayenunua kwao."
"Mwenye nyumba anayelipa wapangaji,"
anasema, na maji yanamwagika kidogo kwa kicheko.

Kisha anavuta dumu, anakaa.
Ananieleza habari za namba tatu na namba nne:
Okwalinga anachomelea vyuma mchana kutwa mlangoni,
Masika ni mkunga, kazini usiku, kitandani mchana.
"Nikadhani watapishana, hawatagombana.
Wakapishana kweli,
usingizi wa huyu na nyundo ya yule."
Akamhamishia Masika namba kumi na moja,
jirani na Adongo, mpika malwa asiyejua kunyamaza.
Kelele zilezile!
Lakini hizo, Masika alisema, zinambembeleza.

"Na kodi yake ikashuka?" nauliza.
Ananitazama
kama mtu aliyeulizwa bei ya mvua.

Mchezo wangu una kipimo.
Unagusa ukuta, nao unahesabu:
taa, meza, kiti, mlango, ukuta wa nyuma.
Vikitimia, maandishi ya kijani yanatokea:
chumba hiki kinafaa.

Shangazi ameingia kulala.
Nagusa, kwa macho tu, pembe yangu ya sebule yake,
ninapolala tangu nilipotoka Kaliro.
Taa ipo, ikipenda.
Kiti ni lile dumu.
Mlango ni pazia la maua ya zambarau,
na meza ni mapaja yangu, yameanza kufa ganzi.
Fundi baruti asingehamia hapa.
Angesimama nje na mzigo wake, akinung'unika kwa herufi ndogo.

Amebaki mmoja, yule muuza kofia.
Hachukii theluji, hapendi pwani,
ukimuuliza jirani amtakaye anasema hali ya hewa ni nzuri.
Miezi miwili nimemzungusha kijiji kizima.
Usiku huu nampigia mbao katikati,
chumba chembamba chini ya ngazi,
ambapo kila apitaye lazima ampite.
Nasubiri aseme.
Anavua kofia. Anaivaa tena.

"Zima hiyo kitu," sauti inatoka ng'ambo ya pazia,
"Yaka imebaki yuniti mbili,
na kesho nataka kupiga pasi."

Nazima.
Kwa Adongo mtu anacheka, halafu watu wawili.
Shangazi anageuka, kitanda kinalia,
na pazia linapepea kidogo kuja upande wangu
ingawa dirisha limefungwa.