Ndoo Tatu

Barua kutoka Kampala ilifika Jumanne.
Kati ya miaka yangu mitatu ya uzamivu
wameutambua mmoja.
Niliisoma nimesimama Posta, nikaisoma tena Kirumba,
kana kwamba neno *mmoja* lingezaa
kwa kubadilishiwa mahali.

Miwili ile imekwenda wapi?
Nilikuwa nayo. Niliivaa kule Bergen, koti juu ya koti,
saa tisa mchana giza linaingia,
nahesabu magamba ya furu chini ya hadubini,
furu wa Ghuba ya Mwanza waliosafiri kabla yangu
ndani ya chupa za spiriti,
bila viza, bila kuulizwa wamesoma nini.

Profesa Halvorsen alistaafu mwezi Machi.
Aliacha ua kwenye chungu na barua pepe ya mistari minne.
Aliyerithi ofisi yake anachunguza barafu.
Furu wangu wakashushwa rafu ya chini,
nami nikaambiwa, kwa upole sana, nitafute kwingine.

Nimetafuta.
Vyeti nimevipeleka kwa mkalimani aliyeapa mbele ya hakimu,
vikagongwa mihuri mpaka jina langu, Nkwimba Lubango,
likamezwa na duara la wino.
Somo la takwimu: halilingani.
Semina: saa hazitoshi.
Sura ya tatu iandikwe upya, kwa mwongozo wa hapa.

Mwaloni, mama alikuwa anaanua.
Hakuuliza uzamivu ni nini. Aliuliza hesabu.
"Mitatu imekuwa mmoja?"
"Ndiyo."
"Ndoo tatu mbichi, kavu moja."
Akacheka, vidole vinachambua mchanga kwenye dagaa.
"Basi wamekuanika tu."

Nilitaka kumwambia dagaa halipi ada mara mbili,
dagaa hana miaka thelathini na minane.
Lakini wingu lilikuwa linakuja kutoka upande wa Ukerewe,
nikashika ncha ya pili ya turubai.

Usiku, Igogo, umeme umekatika.
Najaza fomu kwa tochi ya simu.
*Sababu ya kuhama*, na mistari miwili mitupu.
Wa kwanza: Msimamizi amestaafu.
Wa pili nimeuangalia mpaka chaji ikabaki asilimia nne.
Nimeandika: Samaki wenyewe wako huku.
Nimeikata.
Nimeiandika tena, juu ya mkato,
kwa herufi kubwa.