Upande wa Kulia

Mnaniuliza ni ipi niipendayo.
Nimeunda ndege thelathini na moja,
zote za nyuzi mbili, zote za kuchezesha angani,
na daftari la vipimo limeliwa na mchwa hadi ya tisa,
kwa hiyo nitajibu kwa kumbukumbu,
nayo ina mchwa wake.

Si Salfa, ingawa ndiye mliyemshangilia
hapa Nachingwea, nyuma ya ghala la korosho,
alipoichora nane iliyolala bila kutetereka.
Salfa alikuwa mtiifu mno.
Panda, anapanda. Lala chali, analala,
kama karani anayesubiri cheo.

Si Kimbaumbau, wa mwaka ule wa mvua,
mbawa nyembamba kama kisingizio,
aliyejipigiza chini mbele ya Mwalimu Chinguile
hata injini ikazama shibiri nzima
tukaichimbua kwa jembe, kama muhogo.

Mbao zangu ni za msufi pori,
ule ule wanaouchongea vinyago vya mapiko kule Newala,
mwepesi, shingo ya mchezaji iweze kukesha.
Fundi Nandonde alinipasulia vipande vitatu, akauliza:
"Huyu naye anacheza?"
Anacheza, nikamwambia,
ila mwenye miguu hayumo ndani yake.
Amesimama mbali, kashika mpini.

Nyuzi ni waya wa chuma, niliuagiza Dar kwa bei ya mbuzi.
Mafuta: ya taa, ya mbarika,
na etha niliyoipata sitasema wapi.
Bawa la kushoto nalirefusha inchi moja,
maana ndilo la ndani, lina safari fupi, linazembea.
Kwenye ncha ya kulia nazika senti ishirini ya zamani,
ile yenye mbuni,
uzito wa kuvutia nje, nyuzi zisilegee.
Ndege asiyeruka ndiye anayenirushia ndege.
Mbuni kamwokoa mbunifu.
Mcheke, nimewaachia nafasi.

Mwaka juzi, mzunguko wa tatu,
ghala likaanza kunizunguka mimi.
Nilianguka mpini ukiwa mkononi
na ile ya thelathini ikashuka nami,
kwa adabu, pua mbele.
Daktari akasema: kuzunguka basi.
Akasema hivyo kwa mtu ambaye kazi yake ni kuzunguka.

Nikampa mpini Somoe, binti wa dada yangu,
mchomeleaji wa mageti, mkono wake hautetemeki.
Mimi nikatoka nje ya duara.

Miaka arobaini sikuwahi kusimama pale.
Mrushaji yumo katikati, anageuka na chombo chake,
anaona ubavu wa kushoto;
kikipinduka tumbo juu, ni wa kushoto,
kikipita utosini, wa kushoto tu,
kwa kuwa nyuzi zinatokea huko.
Upande wa kulia niliupiga msasa mezani,
nikaupaka rangi, nikauaga.
Ndege thelathini,
na kila moja nimeijua nusu.

Hii ya mwisho ilinijia kutoka upande wa barabara,
ikanipita.
Mstari mwekundu niliouchora ukiwa umepinda.
Mafuta ya mbarika yametiririka hadi mkiani.
Kisha ikapanda, ikakaa kati yangu na jua,
karatasi ya bawa ikang'aa
nikaona mbavu zake zote kumi na nane
na kule nchani, doa la mviringo, jeusi:
senti yangu.

Basi ni hiyo.
Haina jina. Somoe anaiita Geti.
Na mraba wake, mtoto huyu, si mraba,
pembe zote nne ni kona za mlevi,
na ya mwisho ilinyoa majani
nikapiga kelele "Panda!" injini ikaimeza.
Nitamwambia kesho.
Jana nilirudi nyumbani nimenyamaza,
dada yangu akadhani kizunguzungu kimerudi,
akanitandikia mkeka.