Nimefika

Jiji hili watu hudanganya kwa simu.
"Niko hapo Globe, nakaribia,"
na mwenyewe bado anatafuta soksi Githurai.
Tumezoea. Anayengoja huagiza chai ya pili.

Skripti yangu haikuagiza chai.
Barabara ya Kirinyaga, ghorofa ya tatu, saa nne usiku,
harufu ya grisi ikipanda ngazi kutoka duka la vipuri,
niliiamuru: nenda kwenye saraka ya mabaki,
kisha futa vyote.
Haikufika. Mchana mtu alibadilisha jina,
herufi moja tu, m ndogo ikawa kubwa.
Nayo, kama aliyefika, ikafuta pale pale iliposimama:

mita za maji za Kayole nzima,
miezi kumi na minne ya Mutheu na wenzake
wakiinama matopeni, mlango kwa mlango,
wakifuta kioo kwa kidole ili wasome tarakimu.

Ogola hakunigombeza. Alivuta kiti,
akaandika ile amri fupi inayouliza: niko wapi?
"Unaona," akasema, "'mlango wa tatu kushoto'
ni maelekezo mazuri kwa aliyesimama getini.
Kwa aliye kwingine, ni kwa jirani."

Siku hizi naandika njia nzima, tangu mzizi.
Na kati ya *nenda* na *futa* nimepanda neno *ikiwa*:
ikiwa hukufika, koma. Usiguse kitu.
Wala sihamihami ndani ya programu,
maana nyuzi zake zote husimama kwa mguu mmoja;
uzi mmoja ukihama, zote zimehama,
kama wapangaji walioamka ploti imeuzwa.

Na hili Ogola hakuniambia, nililiona Kariobangi:
unaweza kusimama mahali palipokwisha kufutwa.
Tingatinga lilipita alfajiri. Saa mbili
Syokau alikuwa bado pale na thamosi yake,
anakwepa meza isiyokuwepo.

Nusu ya Kayole tuliirudisha kutoka madaftari ya Mutheu,
kurasa zilizovimba kwa mvua.
Nusu nyingine tulikwenda kuisoma upya.

Jana dada yangu kapiga: "Uko wapi?"
Nilitazama dirisha, ngazi, viatu vyangu chini ya meza.
"Bado ofisini. Sijatoka hata kidogo."
Kimya kwenye laini.
"Wewe," akasema, "una homa?"