Nukta

Mama akiulizwa harusini, hujibu:
"Mize yuko kwenye kompyuta,"
na wenziwe huona feni, kiti cha kuzunguka, kucha safi.
Simkosoi. Kompyuta ipo kweli,
imebanwa ubavuni mwa mashine ya kukereza
pale Machomane, nyuma ya duka la mabati,
na kinachozunguka si kiti, ni chuma.

Siku ile walikuja kutoka Wawi
wameipakata pampu kama mtoto mwenye homa.
Shafti imelika. Ya kuagiza, wiki tatu,
na makonyo yamejaa uani yanangoja moto.
Nikapima kwa venia mara tatu,
mara ya tatu nimezuia pumzi.
Kipenyo: ishirini kamili.

Nikaandika, mstari kwa mstari:
nenda upesi, karibia polepole, kata, rudi.
Nikaandika X ishirini.
Nikabonyeza kijani.

Sikuweka nukta.

Mashine hii haikisii unachokusudia.
Ishirini yangu iliisoma ishirini za elfu,
wembamba wa unywele wa kichanga,
ikaenda kuutafuta huko huko ndani,
katikati ya chuma.
Kishindo!
Kisu kikakatika, kipande kimoja
hadi leo kimo kwenye boriti.

"Elfu themanini kile," akasema Shaame,
hata kichwa hakuinua,
"na mshahara wako bado."

Nikakaa sakafuni, kwenye maranda,
nikamkumbuka maalimu Bikombo na ufito wake:
*Nukta chini, be. Ukiipandisha, nuni,
na hapo umemzulia Mola neno.*
Nilichapwa kwa nukta nina miaka sita.
Nikidhani deni lile nimelimaliza.

Ishirini. Nukta. Sifuri.
Kidole juu ya kitufe chekundu,
maji meupe yakimwagika,
na randa likaanza kutoka, refu, la buluu,
likijikunja bila kukatika.
Sikupumua hadi kisu kiliporudi nyumbani kwake.

Usiku upepo ukaleta harufu kutoka Wawi.
"Wanapika makonyo," akasema mama,
akinifumua nywele.
Vidole vyake vikasita.
Akachomoa kitu, akakisogeza kwenye taa:
kipande cha chuma, kimejipinda kama herufi.
Hakuuliza.
Akakiweka dirishani, pamoja na pini za shungi lake.

Harusi ijayo
nitatega sikio.