Namba Kumi na Sita

Askari mwenye mafua anasukuma sinia la plastiki:
simu, saa, mkanda, sarafu.
Ananipa ufunguo wenye namba kumi na saba.
Nafunga kisanduku cha bati,
nasikia simu ikitetemeka mle ndani, mara moja,
kama panya aliyegundua mtego.

Tumeambiwa tungoje. Hesabu ya wafungwa haijatimia,
na nje, ukungu wa Marijampolė umemeza hata mnara wa walinzi.
Watu tisa, kwenye mabenchi yaliyopigiliwa sakafuni.
Mikono yetu, maskini, haina habari:
inakwenda mfukoni, inarudi mitupu,
inakwenda tena.
Mwanamke mmoja anasoma maelekezo ya kizimamoto,
anamaliza, anaanza upya.

Dakika ya arobaini, mzee aliye kando yangu
akanigeukia, ufunguo wake kiganjani.
"Wewe ngapi?"
"Kumi na saba."
"Mimi kumi na sita. Basi simu zetu ni majirani."
Akafikiri kidogo.
"Yangu mbea. Naomba uiwie radhi."

Nilicheka. Sikuwahi kucheka ndani ya jengo lile.

Anaitwa Rimvydas. Alikuwa fundi wa kurekebisha sauti za piano;
vidole vyake bado vilipapasa goti
kutafuta noti iliyopotoka.
Miaka minne anakuja kumwona mwanawe,
na miaka minne anawaaga majirani
kwamba anakwenda kwa daktari wa meno.
"Kwa hesabu yao," alisema, "sina jino hata moja.
Juzi bibi wa ghorofa ya pili kaniletea uji."

Sijui ni nini kilichonifungua.
Labda ule uji.
Nilimwambia nisichomwambia hata mume wangu:
kwamba mama anaamini Tautvydas yuko Norwei,
kiwandani, anapasua samaki;
kwamba kila Jumapili namsomea barua
ninazoandika mwenyewe usiku, kwa mkono wa kushoto,
maana mama huomba azishike, aupapase mwandiko.

Hakuniambia pole. Hakuniambia si vyema.
Aliuliza, "Na wiki hii, Norwei kuna hali gani ya hewa?"

Siku nyingine ningeitazama, kwa kidole kimoja.
"Sijui," nikasema. "Anayejua yuko kwa jirani yako."

Basi tukaiumba Norwei kwa midomo.
Yeye akaleta mvua, mimi nikaleta upepo wenye chumvi.
Akampa kaka yangu buti mpya, zinazombana kidole gumba.
Nikampa rafiki, Mreno asiyekula samaki.
Akasema, weka na piano, kule kantini,
mbovu, vitufe vitatu havilii.
Yule mwanamke wa kizimamoto akageuka:
"Mpeni na soksi. Za sufu.
Mimi wangu nilimfumia, wakazikataa mlangoni."
Tukampa soksi.

Kisha majina yakaitwa,
kila mtu akaenda kwenye kioo chake.

Jioni simu yangu ilikuwa na jumbe kumi na moja.
Hakuna hata mmoja ninaoukumbuka.
Kituoni shingo zetu zilikuwa zimekwisha kuinama,
yake huku, yangu kule,
nuru mbili za buluu ndani ya ukungu.
Nilikuwa nikitafuta namna ya kuanza
pale basi la Kaunas lilipomchukua.

Jumapili nilimsomea mama.
Tulipofika kwenye buti akanikatiza:
"Zinambana wapi?"
"Kidole gumba."
Akafumba macho, akatabasamu kama aliyeguswa.
"Ndicho hicho. Tangu mdogo."

Sijamwona tena Rimvydas. Huenda mwanawe ametoka.
Huenda ni meno kweli.
Kila mwezi namwomba askari kumi na saba,
naye, mafua yakiwa yamepona ama hayajapona, hunipa bila kuuliza.
Namba yake ninayo moja tu,
nayo imening'inia kidoleni mwa mtu mwingine,
kijana, kichwa chini, mkono mfukoni,
unakwenda, unarudi mtupu.

Namsogelea.
"Samahani," nasema. "Wewe ngapi?"